Kamera za viota vya furukombe: ufuate familia ya Wales, Finland, Montana, au tai wa Johannesburg?

Nilianza kuangalia viota kwenye simu kwa sababu ya ndege aliyekufa. Januari 2022, ng'ambo ya ziwa letu la Victoria, kaunti ya Siaya nchini Kenya, watu walimwokota furukombe, ndege mkubwa, akiwa hoi baada ya kunasa kwenye wavu wa samaki. Mguuni alikuwa na pete ya chuma yenye jina la makumbusho ya Helsinki. Shirika la wanyamapori la Kenya likatangaza kwamba katoka Finland, safari ya karibu kilomita 7,000. Akahudumiwa, lakini haikusaidia. Mimi naishi Mwanza, na nyavu za namna ile naziona kila siku zimeanikwa Mwaloni, kwenye soko letu la samaki. Nikabaki najiuliza huyu alianguliwa kwenye mti gani, na kama kuna mtu huko kwao aliyekuwa akimwangalia.

Kumbe wapo, na wengi. Kuna viota duniani ambavyo watu huviangalia mchana na usiku kupitia kamera. Tangu mwaka ule nimeshafuata vinne kwa uzito na vingine kwa kuchungulia tu. Kwa kuwa marafiki wameanza kuniuliza waanze na kipi, naviweka hapa kimoja kando ya kingine.

Kwanza jina. Pandion haliaetus ndiye ninayemwita furukombe. Najua wapo wanaompa jina hilo yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe na tumbo la rangi ya kahawia nyekundu, anayepiga kelele asubuhi. Wengine huyo humwita kwazi, na mimi nitafuata hao. Furukombe ninayemsema ni mwembamba kidogo, mgongo wa kahawia iliyokolea, chini mweupe, na ana mstari mweusi uliopita jichoni kama mtu aliyepaka wanja akavusha hadi shingoni. Akiruka, mabawa yake hupinda katikati. Hula samaki, na karibu hali kitu kingine. Kidole chake cha nje kinaweza kugeukia nyuma, kwa hiyo humshika samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, kisha humbeba kichwa kikitangulia, ili asishindane na upepo. Ukishamwona akifanya hivyo mara moja, humchanganyi tena na kwazi.

Anza na saa yako

Watu huchagua kamera kwa uzuri wa picha. Mimi nimejifunza kwamba picha ni jambo la tatu. La kwanza ni saa. Ukiwa mtu wa kurudi nyumbani saa moja jioni, kiota kilichoko gizani muda huo hakitakufaa hata kikiwa na kamera ya dhahabu. Hesabu hii ni ya Afrika Mashariki, katikati ya msimu wao:

| Kiota | Kweupe huko, kwa saa zetu | Ndege wapo |
|---|---|---|
| Dyfi, Wales | Saa 1 asubuhi hadi karibu saa 6 usiku | Aprili hadi Agosti |
| Finland | Saa 10 alfajiri hadi karibu saa 5 usiku | Aprili hadi Septemba |
| Missoula, Montana | Saa 9 alasiri hadi saa 12:30 asubuhi | Aprili hadi Septemba |
| Roodekrans, Johannesburg | Saa 2 asubuhi hadi saa 12:30 jioni | Mwaka mzima. Kinda Juni hadi Septemba au zaidi |

La pili ni bando. Kwenye simu yangu, picha ya kiwango cha chini kabisa hula chini ya MB 100 kwa saa, na ya wastani hula mara nne au tano ya hapo. Weka kiwango cha chini wewe mwenyewe, usiiachie simu ijiamulie. Mwezi wa kwanza nilisinzia na kiota kikiwa hewani, nikaamka bando la wiki limekwisha na ujumbe wa mtandao unaniomba kwa upole ninunue lingine. Usiku hakukuwa na lolote la kuona isipokuwa jike amelala na mvua inanyesha.

Wales: familia yenye historia iliyoandikwa

Kama utafuata kiota kimoja tu maishani mwako, fuata cha Dyfi. Kiko kwenye eneo la majimaji la Cors Dyfi, karibu na mji mdogo wa Machynlleth, juu ya nguzo iliyosimikwa na watu. Furukombe walizaa hapo mwaka 2011, na wenyeji wanasema ilikuwa mara ya kwanza katika bonde lile kwa zaidi ya miaka 400. Dume aliitwa Monty, jike Nora. Makinda yao watatu walipewa majina ya mito ya jirani: Einion, Dulas na Leri.

Faida ya Dyfi ni kwamba kila kitu kimeandikwa. Nani alirudi tarehe gani, yai la pili lilikuja siku ngapi baada ya la kwanza, samaki wa leo alikuwa mkizi au gayogayo. Ukichelewa kuingia unaweza kusoma ukoo wote kama unavyosimuliwa habari za upande wa baba. Nora hakurudi mwaka 2013, akaja Glesni. Mwaka 2018 Glesni naye hakurudi, akaja Telyn. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Monty mwenyewe kutoonekana, na nafasi yake ikachukuliwa na Idris. Hakuna anayejua walifia wapi. Kwa watazamaji, "hakurudi" ndilo neno la msiba.

Kuna kisa kimoja cha Dyfi ambacho ndicho kilichonifanya nikae. Juni 2012 mvua ilipiga siku kadhaa bila huruma, dume akashindwa kuvua, makinda wawili kati ya watatu wakafa. Waangalizi wakavunja kanuni yao, wakapanda, wakamshusha yule wa tatu, wakamkausha, wakamlisha, wakamrudisha. Aliitwa Ceulan. Akakua, akaruka, akavuka Ulaya na Sahara peke yake, maana makinda wa furukombe hawasindikizwi na wazazi. Jike huondoka kwanza, makinda hufuata kila mmoja kwa wakati wake, na dume huwa mara nyingi wa mwisho. Ceulan alifika Senegal. Mwaka huohuo akafia kwenye wavu.

Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka yule wa Siaya, nikazima simu nikaenda kukaa barazani.

Siku za kawaida ni tamu. Mama mkwe, ambaye mwanzoni aliniuliza kama nimekosa kazi, sasa ndiye anayeniuliza, "Wamekula?" Wiki mbili za mwanzo baada ya makinda kuanguliwa ndizo za kuangalia. Dume hufika na samaki, mara nyingi kichwa kimeshaliwa huko njiani. Jike humkanyaga samaki, hung'oa kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, huinamisha shingo pembeni, na hungoja. Kinda aliyeanguliwa mwisho, ambaye anaweza kuwa mdogo wa siku tatu kwa mkubwa wake, kichwa bado kinatikisika na anadonoa hewa. Kipande kinaanguka, jike anakiokota tena. "Mpe na huyo mdogo, mama," mama mkwe huiambia simu. "Huyo mkubwa keshashiba, huoni?" Na baada ya dakika ishirini kweli mdogo hupata, kwa sababu wakubwa hulala kwa shibe. Samaki akiwa haba ndipo mambo huharibika.

Kipaza sauti cha Dyfi nacho ni kizuri, na ndege wengine wa pale hujitokeza bila kualikwa. Mwezi wa Mei utamsikia kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya wenzake. Kekeo wa Uingereza waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa wamekutwa wakipitisha baridi kwenye misitu ya bonde la Kongo, kwa hiyo msomaji wa Kisangani naye ana jirani yake pale. Mbayuwayu nao hupita mbele ya kamera, na hao huja mpaka Afrika Kusini.

Wales kuna kiota kingine maarufu, Glaslyn, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha jike mkongwe aliyeitwa Mrs G, aliyeanza kuzaa hapo mwaka 2004. Mwaka 2021 mumewe Aran aliharibika manyoya ya bawa akashindwa kuvua, makinda wote wakafa, na watu wakawa wanawawekea samaki hao wazazi wawili. Mwaka huohuo kiota cha Llyn Brenig kilikatwa kwa msumeno usiku, yai likiwa limeshatagwa. Nayataja ili usidhani kwamba Ulaya ndege wanalindwa na kila mtu.

Finland: ndege wanaoweza kuwa wa kwetu

Furukombe wa Wales, kwa sehemu kubwa, huenda Afrika Magharibi: Senegal, Gambia, Guinea. Wa Finland hutawanyika zaidi, na baadhi hushuka upande wetu. Yule wa Siaya ni ushahidi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kufuata kiota cha huko, na nakiri ni sababu ya moyoni zaidi kuliko ya starehe.

Finland ina zaidi ya jozi 1,000, na karibu nusu ya viota vyao viliwekwa na watu, kwa kuwa miti mizee yenye kilele bapa imepungua kwa ukataji wa misitu. Mfuko wao wa kuhifadhi furukombe, Sääksisäätiö, huweka kamera viotani. Kiota huwa juu kabisa ya msonobari, na nyuma yake ni msitu mpaka upeo wa macho, hakuna kingine.

Saa zao za kiangazi ni sawasawa na zetu, na hilo linarahisisha maisha. Saa mbili usiku kwako ni saa mbili kwao, ila kwao jua bado lipo. Mwezi wa Juni hakuna giza la maana, na saa nne usiku, watoto wameshalala, utamkuta dume anatua na samaki kama vile ni saa kumi jioni. Kwa mtu wa kazi ya ofisini hakuna ratiba bora kuliko hiyo.

Udhaifu wake ni lugha. Maelezo yako kwa Kifini, na tafsiri ya mashine huchapia vibaya. Siku moja iliniambia kwamba "mke amekalia mawe", nikajua tu ni mayai. Ukoo wa ndege hausimuliwi kwa namna ambayo mgeni atauingia haraka. Ukitaka hadithi, utaikosa. Ukitaka kutazama tu, kimya, na kujua kwamba pete anayofungwa yule kinda mwezi wa Julai inaweza kusomwa na mvuvi wa Ukerewe mwezi wa Januari, ni hapa.

Estonia nayo ina kamera za furukombe, chini ya klabu yao ya tai, na saa zao ni hizohizo. Mimi huko huenda zaidi kwa korongo weusi, ambao nao huhamia Afrika.

Montana: wa zamu ya usiku

Missoula kuna kiota cha Hellgate, kinachosimamiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana pamoja na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa miaka mingi bibi wa hapo alikuwa Iris, aliyehesabiwa miongoni mwa furukombe wazee kabisa wanaojulikana duniani. Picha ni safi kuliko zote nilizotaja, unaona mpaka damu ya samaki kwenye ukucha.

Lakini maisha ya Iris yalikuwa magumu. Mumewe Stanley hakurudi mwaka 2016. Akaja Louis, na Louis akawa na mke wa pili kwenye kiota kingine palepale mjini. Wenzangu wa pwani hawashangai, lakini kwa furukombe hili ni balaa, kwa sababu jike anayeatamia hutegemea dume amletee samaki. Iris alipokwenda kuvua mwenyewe, kunguru wakubwa weusi walikuwa wanangoja. Mwaka 2018 kinda mmoja aliruka. Baada ya hapo, msimu baada ya msimu, mayai yaliishia kwa kunguru. Mimi nilimfuata msimu mmoja nikasalimu amri. Iris akiondoka kiotani, nilikuwa nazuia pumzi mpaka arudi.

Kitu kimoja nilichojifunza pale ni kuhusu kamba za plastiki za kufungia majani ya mifugo. Furukombe huziokota wakidhani ni nyasi nzuri za kutandika kiotani, na makinda hunasa miguu wakafa. Watafiti wa Montana wamelipigia kelele jambo hili kwa muda mrefu.

Nani wa Montana basi? Muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, mama mwenye mtoto mchanga. Saa nane usiku kwako kule ni saa kumi na moja jioni, jua linawaka na mto unang'aa nyuma ya kiota. Na ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, bila shaka, saa zinawafaa moja kwa moja.

Johannesburg: si furukombe, lakini usimwache

Msimu wa furukombe ukiisha, Roodekrans bado ipo. Ni tai mweusi, mwenye alama nyeupe mgongoni, anayekaa mwambani juu ya maporomoko kwenye bustani ya Walter Sisulu, pembeni ya Johannesburg. Chakula chake kikuu ni pimbi. Sisi wa Mwanza wenye mawe na pimbi mpaka uani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tai huyuhuyu yupo Tanzania, kwenye vilima vya mawe.

Onyo moja, tena kubwa. Jike hutaga mayai mawili siku chache kati ya moja na jingine, na kinda wa kwanza humdonoa wa pili mpaka afe. Chakula kiwe kingi, kiwe haba, ni hivyohivyo. Wazazi husimama hapo hapo hawaingilii. Furukombe hugombana kwa njaa. Huyu ameumbwa hivyo. Wiki hiyo ya kwanza usimwonyeshe mtoto. Baada ya hapo ni raha tupu: kinda mmoja mweupe kama pamba, miezi mitatu ya kukua taratibu, mazoezi ya mabawa ukingoni mwa jabali mpaka wewe uliyekaa kwenye kochi unashika kiti.

Kabla hujaingia kwenye gumzo la pembeni

Kamera nyingi zina gumzo, na gumzo lina watu wa kila aina. Wengine wanajua kila pete. Wengine watakuita mkatili kwa kusema "acha maumbile yafanye kazi yake." Huko Woods Hole, Massachusetts, jike mmoja alianza kuwanyima na kuwashambulia makinda wake mwenyewe. Watazamaji wakawashukia wasimamizi kwa matusi na shinikizo waende wakawaokoe, na mwaka 2016 taasisi ikaamua kutoiwasha kamera. Gumzo la Dyfi ni la watu wapole, la Roodekrans hunishinda wiki ya kudonoana. Mimi husoma, siandiki.

Kwa ndege wadogo wa kila siku, wasio na msiba, fungua kamera ya Cornell iliyoko Panama, kwenye meza ya matunda. Ndege wa rangi zote huja kula ndizi. Haina hadithi, haina jina la mtu, na mama mkwe anapenda kuiangalia huku akishona.

Ningekuwa wewe

Mgeni kabisa: Wales, mwisho wa Machi, ungoje nani atarudi. Ukiingia Julai utakuta makinda wakubwa wamekaa kama kuku wa sikukuu na hutaelewa watu wanalilia nini. Mtu wa kando ya ziwa, mvuvi, mwalimu wa sayansi: Finland, jioni, na uwaeleze wanafunzi kuhusu pete. Zamu ya usiku: Montana, ukiwa na moyo mgumu. Anayetaka ndege wa Afrika na saa za mchana: Roodekrans, kuanzia Julai.

Na ukimwokota furukombe mwenye pete, akiwa hai au amekufa, andika namba yote na jina la mji, piga picha, peleka ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Pete usiivue kwa ndege aliye hai. Akiwa kwenye wavu, mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, atatulia. Kisha shika miguu kabla ya kukata nyuzi, kucha zake si za mchezo.

Kuanzia Oktoba viota vyote vya Ulaya vitakuwa vitupu, matawi tu na theluji. Kamera nyingine huachwa hewani hivyohivyo, na wapo wanaoziangalia. Mimi mwezi Novemba uliopita nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, nimeegemea reli, nikamwona mmoja akisimama angani juu ya maji, mabawa yamepinda, miguu inaning'inia. Akaporomoka, miguu mbele, akazama mpaka kifuani, akainuka na sato. Nilikaza macho nione mguu. Mwanamume wa pembeni yangu, aliyekuwa na ndoo ya dagaa, akafuata nilikokuwa nikitazama.

"Huyo mgeni," akasema. "Huja wakati wa mvua za vuli."

Nikamuuliza kama amewahi kumwona mmoja wao na pete.

"Kaka, mimi huwaona wakiwa mbali namna hiyo hiyo."